Skwiza, Ngazi na Tangi la Maji

Leo hakuna msimbo wala programu mpya ya kupakua. Leo ni kuosha madirisha. Najua tayari kuna mtu anataka kuufunga ukurasa huu, lakini ngoja kidogo ndugu yangu, keti, mimina chai. Ndani ya kazi hii ya ndoo na kitambaa mna historia ya teknolojia ambayo mimi naiona tamu kuliko nyingi tunazosimuliwa za Silicon Valley, na swali lake ni lile lile linalomkosesha usingizi kila mwenye kibiashara kidogo: nikope ninunue mashine, au niendelee na mkono? Na nikishanunua, mashine itanitumikia mimi, au mimi ndiye nitakayeitumikia?

Nimekuwa nikisoma mambo haya jioni baada ya kazi, na kila nilipofika pahali ambapo kifaa kipya kiliingia, nilijikuta nauliza jambo moja tu: hiki ni cha nani? Kwa maana hapo ndipo ilipoamuliwa nani ashibe na nani aachwe nje.

Tuanze na skwiza. Unaijua: kile kifaa chenye mpini na ulimi wa mpira ambacho kijana wa kituo cha petroli hukivuta juu ya kioo cha mbele cha gari, maji yakakimbia mbele yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasafishaji wa madirisha kule Marekani walitumia aina moja iliyojulikana kwa jina la Chicago. Ilikuwa ya chuma, nzito, yenye ndimi mbili za mpira, na ili kuibadilisha mipira hiyo ulilazimika kufungua skrubu 12. Hebu fikiria: umesimama nje ya dirisha la ghorofa ya tano, mpira umechakaa unaacha michirizi, na una skrubu 12 za kufungua kabla ya kuendelea. Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Ni ule mfumo unaokutaka uuzime wote ndipo ubadilishe mstari mmoja.

Aliyechoshwa na skrubu hizo ni Ettore Steccone, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1896 na kuingia Marekani mwaka 1922. Alikuwa akiosha madirisha mjini Oakland, California, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Mwaka 1936 alitoka na skwiza yake mwenyewe: shaba ya manjano badala ya chuma, nyepesi, ulimi mmoja tu wa mpira mwembamba wenye ukingo mkali. Aliilinda kwa hataza. Mpira mmoja unaopinda vizuri huufuata uso wa kioo kwa urefu wake wote, kwa hiyo maji huondoka kwa mvuto mmoja. Ukingo ukichakaa unauchomoa mpira, unaugeuza, unaendelea na kazi.

Inasimuliwa kwamba msambazaji mkubwa wa vifaa hivi kule New York alimkatalia. Steccone akazigawa skwiza zake bure kwa wasafishaji wenyewe, barabarani, mpaka wao wakaanza kwenda dukani kuiulizia na msambazaji akalazimika kuagiza. Leo tungesema alitoa toleo la majaribio bila malipo. Kampuni yake, Ettore, ingali inatengeneza skwiza za shaba, na ukiziangalia utaona kwamba zaidi ya miaka 85 baadaye umbo halijabadilika sana. Ni programu gani ya tarakilishi unayoijua yenye umri huo?

Skwiza ilimruhusu mtu asiye na kitu aingie kwenye biashara. Ndoo, kitambaa, skwiza, ngazi: basi, umefungua kampuni. Kifaa kilikuwa cha mfanyakazi, alikilaza chini ya kitanda usiku. Kule Uingereza, ambako kazi hii ilienea mno kwenye nyumba za kawaida, mtaji wenyewe haukuwa vifaa bali orodha ya wateja: mtaa huu na huu, nyumba hii kila wiki nne, ile kila wiki nane. Orodha hiyo huuzwa na kununuliwa mpaka leo. Mzee anayestaafu humuuzia kijana kwa bei inayokokotolewa kutokana na mapato ya mwezi. Kwa lugha yetu, alikuwa anauza hifadhidata, na skwiza ilikuwa kibodi tu.

Kwa bahati, mwaka huo huo wa 1936 mwimbaji George Formby aliwachekesha Waingereza kwa wimbo wa mwosha madirisha anayechungulia ndani ya nyumba za watu akiwa juu ya ngazi. Watu walicheka, na ngazi ikawa sehemu ya mzaha. Lakini ngazi haikuwa mzaha. Miguu yake inasimama juu ya lami ambayo wewe mwenyewe umeimwagia maji ya sabuni. Mkono mmoja umeshika skwiza, mwingine unafuta, na hakuna wa tatu wa kujishikilia. Mtu alipanda na kushuka mara nyingi kwa siku, miaka nenda miaka rudi, na ilitosha mara moja tu kuteleza. Akivunjika kiuno hapakuwa na mwajiri wa kumlipa, kwa sababu mwajiri alikuwa yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo bei ya kifaa rahisi. Haikuandikwa popote kwenye hesabu.

Sasa tupande juu.

Empire State Building lilifunguliwa New York mwaka 1931, ghorofa 102, madirisha takriban 6,500. Madirisha hayo yalifunguka. Mwosha madirisha alitoka nje, akasimama kwenye kizingiti, akaufunga mkanda wake wa ngozi kwenye vishikio viwili vya chuma vilivyotiwa ukutani kushoto na kulia, akalala nyuma juu ya hewa tupu na kuanza kazi. Angalia umiliki hapo. Mkanda unavaliwa na mfanyakazi, vishikio ni vya mwenye jengo. Maisha ya mtu yanategemea vyote viwili, na nusu moja hana mamlaka nayo. Kishikio kikiwa kimeoza kwa kutu ndani ya ukuta, atajuaje?

Mwaka 1952 likaja jengo la Lever House, Park Avenue, ghorofa 24, lililochorwa na Gordon Bunshaft wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill. Lilikuwa la vioo kuanzia juu hadi chini, na vioo hivyo havikufunguka kamwe, kwa kuwa ndani palikuwa na mitambo ya kupoza hewa. Sasa utatokea wapi ukaoshe? Wenye jengo waliweka reli juu ya paa na kitoroli kinachotembea juu ya reli hizo, kikishusha jukwaa la kuning'inia mbele ya vioo. Cha kuchekesha ni kwamba wenye jengo walikuwa Lever Brothers, watengeneza sabuni. Kioo kichafu kingekuwa tangazo baya sana kwao.

Huu, kwa maoni yangu, ndio mwaka ambao kazi hii iligawanyika mara mbili. Mashine ya kuoshea ilichorwa pamoja na jengo, ikanunuliwa pamoja na saruji na vioo, kabla mwosha madirisha hajajulikana ni nani. Uamuzi wa kuwekeza ulitoka mikononi mwake. Zile tarakilishi kubwa za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa hivyo hivyo: mashine ni ya shirika, iko ndani ya chumba chake, na wewe unakuja na ujuzi wako tu, unapewa saa zako, unaondoka. Kampuni za kusafisha zilizoingia mikataba ya majengo haya zilileta watu na sabuni. Mwenye jengo alibaki na reli, injini na nyaya.

Mfano uliokwenda mbali zaidi ni minara miwili ya World Trade Center, iliyozinduliwa rasmi mwaka 1973. Madirisha yake yalikuwa membamba, upana wa sentimita 46 hivi, na kuta za nje zilitengenezewa mashine ya kujiendesha iliyoshuka kwenye njia zake ikiosha bila mtu. Lakini madirisha ya juu kabisa yalikuwa mapana kuliko mengine, mashine haikuyatoshea, kwa hiyo hayo yaliendelea kuoshwa kwa mkono. Ndani ya majengo nako kulikuwa na vioo vya milango, vya vizuizi na vya kumbi, na mashine ya nje haikuvifikia kabisa.

Ndiyo sababu asubuhi ya Septemba 11, 2001, mwosha madirisha mmoja, Jan Demczur, mhamiaji kutoka Poland, alikuwa ndani ya lifti ya mnara wa kaskazini pamoja na wanaume wengine watano, akiwa na ndoo na skwiza yake. Lifti ilikwama. Walipoilazimisha milango ikafunguka walikuta ukuta wa jasi. Demczur alianza kuukwangua kwa chuma cha skwiza. Chuma kikamponyoka kikaanguka kwenye shimo la lifti, akaendelea kwa mpini. Walipokezana mpaka wakatoboa na kutokea chooni, ghorofa ya 50. Wote sita walitoka nje ya jengo dakika chache kabla halijaporomoka. Mpini huo sasa umehifadhiwa na Smithsonian, katika Jumba la Taifa la Historia ya Marekani, mjini Washington. Mashine ya kujiendesha ilikufa pamoja na minara, na sijasikia mtu akiililia.

Sitaki udhani nasema mashine ni mbaya na mkono ni mzuri. La. Ila kifaa usichokimiliki huwezi kukikagua, na huko juu hilo ni jambo la uhai. Tarehe 7 Desemba 2007, ndugu wawili waliozaliwa Ecuador walikanyaga jukwaa la kuoshea madirisha juu ya jengo la ghorofa 47 mashariki mwa Manhattan. Jukwaa liliachia. Mmoja alikufa, mwingine alianguka ghorofa zote hizo akapona, jambo ambalo madaktari wake wenyewe walilistaajabia. Tena tarehe 12 Novemba 2014, kwenye One World Trade Center, jengo jipya kabisa lenye mtambo wa gharama kubwa, waya mmoja ulilegea na wafanyakazi wawili wakabaki wananing'inia karibu na ghorofa ya 68 hadi wazima moto walipokikata kioo kutoka ndani na kuwavuta. Hakuna hata mmoja wa watu hao wanne aliyewahi kuulizwa ni mtambo gani ununuliwe.

Turudi chini sasa, kwa mtu wa ngazi, kwani huko ndiko swali letu la kukopa au kutokopa linakoishi.

Nyumba, maduka, shule, ofisi za ghorofa mbili hadi nne: hapo hakuna reli juu ya paa. Wazo la kuosha ukiwa chini, kwa brashi iliyo kwenye ufito mrefu unaopitisha maji, si geni. Mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, kampuni ya Tucker ilikuwa ikitengeneza fito za namna hiyo tangu miaka ya 1950. Basi mbona ngazi iliendelea kutawala kwa nusu karne nzima?

Jibu ni maji yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, nivumilie.

Maji ya mfereji hubeba madini yaliyoyeyuka, hasa kalsiamu na magnesiamu. Ni ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai. Chukua maji yenye madini sehemu 300 kwa milioni: lita moja ikikauka juu ya kioo inaacha miligramu 300 za unga mweupe. Kazi ya skwiza, ukiitazama kwa jicho la mhandisi, ni kuyaondoa maji kabla hayajakauka. Ukiosha kwa ufito ukiwa chini, hakuna anayeyaondoa. Yanakauka yenyewe, na kioo kinabaki na madoa kuliko ulivyokikuta. Kwa hiyo ufito ulifaa pahali ambapo mteja hakujali sana madoa. Tatizo lilikuwa limejificha ndani ya kitu ambacho kila mtu alikiona cha bure.

Maji yakiwa hayana madini kabisa, yaani mita inasoma sufuri, yanakauka na kuacha kitupu. Zaidi ya hayo yanayeyusha uchafu vizuri na hayahitaji sabuni. Njia mbili za kuyapata zilivumbuliwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria madirisha hata kidogo. Ya kwanza ni resini inayobadilishana ioni: Adams na Holmes, wanakemia wa maabara ya serikali ya Uingereza iliyokuwa Teddington, karibu na London, walichapisha kazi yao mwaka 1935. Resini huyashika madini na kutoa sehemu za maji badala yake, lakini hushiba. Ikishiba unainunua upya. Njia ya pili ni kuyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa chuo kikuu cha UCLA walitengeneza utando unaofaa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulianza kuwapa watu maji katika mji mdogo wa Coalinga, California. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, John Cadotte wa FilmTec akaleta utando wa tabaka jembamba zaidi, uliopitisha maji mengi kwa nguvu ndogo. Teknolojia ikashuka kutoka kiwandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi nyuma ya gari la mwosha madirisha.

Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu anaujua mtambo huu bila kujua kwamba anaujua. Ni ule ule ulio nyuma ya kibanda cha kujazia maji ya kunywa mtaani, pale unapopeleka mtungi wako wa lita 20. Mwenye kibanda anayasafisha maji ya kisima ili unywe. Mwosha madirisha wa London anayasafisha maji ya mfereji ili asipande ngazi.

Muungano wa maji safi, ufito mwepesi na gari ulishika kasi Uingereza kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na miaka ya 2000. Kampuni mojawapo iliyoutangaza sana ni Ionic Systems ya Swindon. Fito zikatoka kwenye alumini zikaenda kwenye faibaglasi, halafu kwenye nyuzi za kaboni, kwa sababu ufito wa mita 10 ukiwa mzito unaumaliza mgongo kabla ya saa sita mchana. Kaboni ni nyepesi ajabu, lakini hupitisha umeme. Mtu anayeinua ufito wa kaboni karibu na nyaya za umeme ameondoa hatari ya ngazi na kuleta nyingine ambayo haimpi nafasi hata ya kupiga ukelele.

Sasa piga hesabu pamoja nami, kwa kuwa hapa ndipo biashara ilipobadilika tabia. Chukua tangi la lita 650 nyuma ya gari na matumizi ya lita 2 kwa dakika. Unapata dakika 325, yaani saa tano na dakika 25 za maji kutiririka, siku nzima ya kazi ukihesabu kutembea na kuzungumza na wateja. Vizuri. Lakini maji lita 650 ni kilo 650. Gari lililokuwa la kubebea ngazi haliwezi tena. Unahitaji kubwa zaidi, na tangi lifungwe kwenye fremu imara, maana ukifunga breki ghafla kilo hizo zinataka kuendelea na safari kupitia mgongoni mwako. Unahitaji pampu, betri ya pili, paipu mita 100, mtambo wa kusafisha maji unaofanya kazi usiku kucha nyumbani, tena mtambo huo humwaga sehemu kubwa ya maji yaliyobaki na chumvi nyingi. Mtu ambaye mtaji wake ulikuwa ndoo sasa ana deni la gari.

Na si kila mahali hesabu hiyo ilitoka sawa. Maji ya Scotland kwa jumla ni laini, madini machache. Huko ungeweza kuanza na resini peke yake, mtungi mmoja, bei ndogo, na ukadumu nao. Maji ya London hutoka kwenye miamba ya chaki na ni magumu. Huko resini hushiba upesi, na aliyekwepa gharama ya mtambo wa utando siku ya kwanza aliilipa pole pole kila mwezi kwa kununua resini. Kifaa cha bei nafuu kilikuwa ghali na cha bei ghali kikawa nafuu, ikitegemea mawe yaliyo chini ya mji wako. Wale tunaolipia seva za kukodi kila mwezi tunaujua mchezo huu.

Kisha sheria ikaingia. Tarehe 6 Aprili 2005 Uingereza ilianza kutumia kanuni za kazi za mahali pa juu. Msingi wake ni mfuatano: kwanza epuka kufanya kazi juu ikiwa inawezekana, ikiwa haiwezekani, zuia mtu asianguke, ikishindikana, punguza umbali na madhara ya kuanguka. Isome tena hatua ya kwanza ukiwa na ufito mkononi. Kabla ya ufito na maji safi, mwosha madirisha angeweza kusema hakuna njia nyingine. Sasa njia nyingine ilikuwapo, inauzwa dukani, na mwenye shule au ofisi aliyetoa mkataba alianza kuuliza kwa nini bado anaona ngazi.

Ngazi haikupigwa marufuku. Kanuni ziliiruhusu, na zingali zinairuhusu, kwa kazi fupi yenye hatari ndogo baada ya kupima hali. Lakini uvumi kwamba imepigwa marufuku ulienea mno kiasi kwamba idara ya usalama kazini ya huko, HSE, imelazimika kuukanusha hadharani. Nani alifaidika na uvumi huo? Anayeuza fito, bila shaka. Hofu ni mchuuzi hodari, hata sisi kwenye teknolojia tuliiona mwaka 1999 tulipoambiwa kila tarakilishi itakufa usiku wa manane. Pamoja na hofu ilikuja njia ya kulipa: chukua mtambo leo, ulipe kila mwezi.

Wazee wengi walikataa. Hawakuwa wajinga. Walisema brashi haioni kona, na ni kweli kwamba safari za kwanza kwa ufito uchafu wa miaka uliojificha kwenye fremu hushuka na kuchafua kioo, mpaka uoshe mara mbili tatu ndipo kitulie. Walisema mteja akirudi akaliona dirisha lake linachuruzika maji atadhani ametapeliwa, na wateja kweli walilalamika. Walisema pia, hili wakilisema kwa sauti ya chini, kwamba wana miaka 60 na hakuna benki itakayowapa mkopo wa gari. Baadhi yao waliziuza orodha zao za wateja kwa vijana wenye matangi. Wengine walibaki na nyumba za chini na maduka, ambako skwiza bado ni ya haraka kuliko kufungua paipu.

Lakini kundi linalonifurahisha mimi ni la tatu: waliojenga wenyewe. Pampu ya volti 12 iliyotengenezewa mashua na nyumba za magurudumu. Betri iliyotokana na huko huko. Tangi la plastiki la shambani, kinyunyizio cha mgongoni cha kupulizia dawa mimea, kitoroli chenye mitungi ya lita 25 kwa asiye na gari kubwa. Waliunga vipuri kama sisi tunavyounga tarakilishi kwa vitu vya Luthuli Avenue, wakaingia kwenye teknolojia ileile kwa sehemu ya gharama. Iliwezekana kwa sababu mtambo mzima ni sehemu za kawaida zinazouzwa na watu tofauti, hakuna aliyezifungia. Kama mtengenezaji mmoja angemiliki utando, pampu na ufito kwa pamoja, kundi hili lisingekuwapo. Mitambo yao mingine ilikuwa ya hatari, nakubali, hasa matangi yaliyofungwa kwa kamba tu.

Halafu kikatokea kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Sheria ya maji ya mwaka 2010 iliorodhesha matumizi yanayoweza kuzuiwa wakati wa ukame, na miongoni mwake ni kuosha madirisha ya nyumba kwa paipu. Tarehe 5 Aprili 2012 kampuni saba za maji kusini na mashariki mwa Uingereza zilitangaza vikwazo. Mwenye ndoo na skwiza hakuguswa. Mwenye tangi alilazimika kusoma masharti, kuuliza kama ufito wake unahesabiwa kuwa paipu, na kutegemea misamaha iliyotolewa kwa biashara ndogo. Deni la gari halikupewa msamaha.

Hapa kwetu sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama, lakini ukipita Upper Hill utaona bado ni kamba na vijana wanaoning'inia. Kamba ni ya nani, ya kijana au ya mkandarasi, ningependa kila mwenye jengo aulizwe hivyo kabla ya kutia sahihi mkataba.

Huko New York, mwaka 2024, roboti iitwayo Ozmo ya kampuni ya Skyline Robotics ilianza kuosha jengo la 1133 Avenue of the Americas: mikono miwili ya KUKA, brashi, na vihisi vya leza vinavyopima umbali wa kioo. Haikuja na jukwaa lake. Imefungwa ndani ya jukwaa lile lile la kuning'inia ambalo mwenye jengo alikuwa nalo tangu zamani, linaloshushwa kwa nyaya kutoka juu ya paa, na mtu anayeisimamia anasimama huko huko paani.